Shahidi Asiye na Sauti



Mwezi huu twapenda kuwaletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa ni la wataalamu peke yao. Lakini tukilichungua vema tutaona kwamba linamhusu kila mtu anayekula samaki, na kila mtu ambaye maji yake machafu huishia baharini. Yaani linatuhusu sisi sote. Swali lenyewe ni hili: ikiwa tumemweka kiumbe kuwa shahidi wetu, naye akatuonyesha kwamba kuna sumu, je, yatupasa kutenda, au tunayo haki ya kungoja mpaka tumwone mwanadamu ameugua?

Wako watakaosema kwamba jibu ni rahisi. Nani angengoja mtu augue? Hata hivyo, kama tutakavyoona, watu wengi wenye akili na vyeo wamengoja, nao walikuwa na sababu zilizosikika kuwa nzuri. Basi tusilijibu swali hili haraka. Tulitazame hatua kwa hatua.

Tuanze na sumu yenyewe. Tunazungumza habari za madini mazito: zebaki, risasi, kadimiamu na mengine ya jinsi hiyo. Madini hayo hufika baharini kwa njia nyingi: maji ya viwandani, majivu ya makaa ya mawe, betri zilizotupwa, rangi zilizobanduka, machimbo ya dhahabu na taka za mijini zinazosombwa na mvua. Risasi ilitiwa katika petroli kwa miaka mingi sana. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006, na Aljeria, iliyokuwa ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliacha mwaka 2021. Tofauti kubwa ya madini haya na taka nyingine ni kwamba hayaozi. Maganda ya ndizi yakitupwa majini yataliwa na vijidudu na kwisha. Zebaki haiishi. Yaweza kugeuka kutoka namna moja hata nyingine, yaweza kulala katika tope miaka mingi, lakini ipo. Tena haina rangi ndani ya maji, wala harufu, wala haimbadilishi samaki ladha. Mama anayepika hawezi kuijua, awe hodari namna gani.

Je, tutaijuaje? Wengi wetu tungedhani kwamba inatosha kuteka maji katika chupa na kuyapeleka kwa mpimaji. Lakini maji ya chupa yanatuambia habari za saa ile tu. Kama kiwanda humwaga uchafu wake usiku, na chupa ikatekwa asubuhi baada ya maji kujaa na kupwa, chupa itasema kwamba hakuna neno. Tena madini yaliyomo majini kwa kawaida ni machache mno, kiasi kwamba uchafu kidogo katika mkono wa mpimaji waweza kuharibu hesabu yote. Na jambo la tatu ni kubwa kuliko yote: chupa haituambii ni kiasi gani cha madini hayo kinaweza kuingia katika mwili wa kitu kilicho hai.

Hapo ndipo kome na chaza walipoitwa kutoa ushahidi. Kome ni yule mdudu wa pwani mwenye magamba mawili, anayeshika mwambani au kwenye nguzo za gati na kukaa hapo hapo maisha yake yote. Yeye hula kwa kuyapitisha maji katika matamvua yake na kuchuja chembe ndogondogo za chakula. Kome mmoja mkubwa aweza kuchuja lita moja ya maji au zaidi kwa saa, mchana na usiku. Madini yaliyomo katika maji na katika chembe hizo humwingia, na mengi kati yake mwili wake huyafunga na kuyahifadhi, asife. Kwa hiyo katika nyama yake twaweza kukuta madini mara maelfu kuliko yaliyo katika maji yanayomzunguka. Chupa yatupa habari za saa moja, naye atupa habari za miezi. Wala hawezi kuhama. Samaki akikutwa na sumu hatujui aliipata wapi, kwa kuwa jana alikuwa kwingine. Kome akikutwa na sumu, ameipata pale pale aliposhikilia.

Mwaka 1975 mtaalamu wa bahari wa Marekani, Edward Goldberg, alitoa shauri kwamba dunia nzima iwe na ulinzi wa pwani kwa kutumia kome. Shauri hilo likakubaliwa na wengi, na tangu mwaka 1986 serikali ya Marekani imekuwa na utaratibu wa kukusanya kome na chaza katika pwani zake na kuwapima. Nchi nyingine nazo zimefanya vivyo hivyo. Mahali ambapo kome hawapatikani, huletwa kutoka penye maji safi na kutundikwa majini ndani ya vikapu vya wavu, kisha baada ya majuma kadhaa huopolewa na kupimwa.

Lakini shahidi yeyote hana budi kusikilizwa kwa haki. Si kila kiumbe hueleza kila jambo. Kamba, kwa mfano, ana uwezo wa kujiwekea kipimo cha zinki mwilini mwake. Iliyozidi huitoa, na hivyo yeye ni shahidi hafifu wa zinki. Chaza huikusanya zinki kwa wingi. Mwani hutueleza madini yaliyoyeyuka katika maji, na minyoo wanaokula tope hutueleza yaliyo katika tope. Zebaki nayo ina tabia yake: huzidi kadiri mmoja anavyomla mwingine, hata samaki wakubwa kama papa wakawa nayo nyingi kuliko dagaa. Kwa hiyo kome peke yake hatoshi kutueleza habari zake zote. Tena kome mkubwa asilinganishwe na mdogo, wala wa majira ya kuzaa asilinganishwe na wa majira mengine. Mpimaji mwangalifu huchagua walio sawa, na pengine huwaweka kwanza katika maji safi ya bahari wapate kutoa tope la tumboni, asije akapima tope akadhani amepima nyama. Zaidi ya hayo, madini kadha wa kadha ni ya asili, na mengine, kama shaba na zinki, mwili huyahitaji kwa kiasi. Kwa hiyo kukuta madini si sawa na kukuta kosa. Ni lazima kulinganisha pahali na pahali, na mwaka na mwaka.

Tumeyaeleza hayo kwa makusudi, maana mtu asiyetaka kutenda daima hupata kimbilio katika mambo kama haya. Atasema, "Bado hatuna hakika." Naye atakuwa anasema kweli. Basi na tuone kweli hiyo ilizaa nini katika mji mmoja wa Ujapani.

Mji huo waitwa Minamata, katika jimbo la Kumamoto. Watu wake wengi wa pwani walikuwa wavuvi, na samaki na kome wa ghuba ndio waliokuwa kitoweo chao cha kila siku. Mjini hapo palikuwa na kiwanda kikubwa cha kampuni ya Chisso, ambacho tangu mwaka 1932 kilitengeneza dawa ya viwandani iitwayo asetaldehidi, na katika kazi hiyo kilitumia zebaki. Maji machafu yake yalimwagwa baharini. Mji uliishi kwa kiwanda hicho. Kiliajiri watu na kulipa kodi, na wenyeji walijivunia kuwa nacho.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wavuvi waliona mambo ya ajabu. Samaki walielea wakiwa hoi. Ndege walianguka. Paka, ambao walikula mabaki ya samaki, walianza kuyumba na kuzungukazunguka kama wanaocheza ngoma, kisha wakafa. Hao wote walikuwa mashahidi, ingawa hakuna aliyewaita. Methali yetu yasema, mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Mbiu ililia pale miaka kadhaa, na walioisikia zaidi walikuwa watu wadogo wa pwani ambao sauti yao haikufika mbali.

Mwaka 1956 watoto wawili wa nyumba moja, dada na mdogo wake, waliletwa hospitalini hawawezi kutembea vema wala kusema. Tarehe 1 Mei ya mwaka huo daktari mkuu wa hospitali ya kiwanda, Hajime Hosokawa, alipeleka habari kwa wakuu wa afya kwamba kuna ugonjwa usiojulikana wa ubongo. Muda si muda ikaonekana kwamba wagonjwa wote walikula kwa wingi samaki wa ghuba ile.

Sasa tuangalie jambo lililotokea mwaka 1957. Wakuu wa jimbo waliiuliza wizara ya afya ya nchi kama wangeweza kutumia sheria ya vyakula ili kukataza samaki wa ghuba. Wizara ikajibu kwamba haukuwapo uthibitisho wa wazi kwamba samaki wote wa pale wana sumu, na kwa hiyo sheria hiyo haiwezi kutumika. Tulitafakari jibu hilo. Halikuwa uongo. Ni kweli kwamba haikuthibitishwa kuwa samaki wote, mmoja mmoja, wana sumu. Lakini ni nani angeweza kuthibitisha jambo kama hilo? Jibu lilidai ushahidi ambao hauwezekani kupatikana, na wakati huo huo watu wakaendelea kula.

Mwaka 1958 kiwanda kiliyageuza maji yake machafu yaelekee kwenye mlango wa mto, upande mwingine. Baadaye wagonjwa wakatokea upande huo pia. Mwaka 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kwamba sumu yenyewe ni zebaki. Mwaka huo huo Daktari Hosokawa, kwa kutaka kujua hakika, alikuwa akiwalisha paka chakula kilichotiwa maji machafu ya kiwanda. Paka aliyepewa namba 400 akapata ugonjwa ule ule. Wakuu wa kampuni hawakuyatangaza matokeo hayo. Mwezi wa Desemba wagonjwa, waliokuwa maskini na wamechoka, walipewa fedha kidogo za pole, nao wakatia sahihi mapatano kwamba hawatadai zaidi hata kama baadaye itajulikana kuwa kiwanda ndicho chanzo. Kiwanda kiliendelea kutumia zebaki hadi mwezi wa Mei mwaka 1968, na serikali ikakiri chanzo cha ugonjwa mwezi wa Septemba wa mwaka huo. Katikati ya hapo, mwaka 1965, ugonjwa kama huo ulikuwa umetokea katika jimbo la Niigata, kwa kiwanda cha kampuni nyingine.

Mwaka 1970 Hosokawa, akiwa kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, alitoa ushahidi wake mbele ya wanasheria habari za yule paka. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliamua kwamba kampuni ina hatia, na kwamba yale mapatano ya fedha za pole hayana nguvu kwa kuwa ni kinyume cha adili. Mpaka leo wagonjwa waliotambuliwa rasmi katika eneo la Minamata wamezidi 2,200, na watu wengi zaidi wamepewa msaada bila kutambuliwa hivyo.

Liko jambo moja katika habari hii linalotuhuzunisha kupita yote. Madaktari wa zamani waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto tumboni na sumu. Lakini Minamata walizaliwa watoto wenye ugonjwa huo ambao hawakuwahi kula samaki hata mmoja, na mama zao walionekana kuwa na afya kuwashinda. Zebaki ilikuwa imepita kutoka kwa mama hata kwa mtoto. Wajapani wana desturi ya kuhifadhi kipande cha kitovu cha mtoto kikiwa kimekaushwa, kama ukumbusho. Daktari Masazumi Harada alivitafuta vipande hivyo majumbani, na ndani yake ikakutwa ile zebaki. Kitu kilichowekwa kwa upendo kikawa hati ya ushahidi.

Nywele za watu wa pwani ile nazo zilipimwa mapema miaka ya 1960, na baadhi yao wakaonekana wana zebaki nyingi kupita kiasi. Lakini kupimwa huko hakukuwaletea ulinzi. Hapa, ndugu wasomaji, ndipo swali letu linapotukaza. Watu hawa walifanywaje? Walifanywa kama kome. Waliachwa waishi ndani ya maji yale, wakaikusanya sumu miilini mwao, kisha wakapimwa, na hesabu ikaandikwa.

Basi tofauti ya kutumia kome na kutumia mtu ni ipi? Twaona kwamba faida yote ya kumtumia kome ni kumtanguliza mbele ya mtu. Kome akisema, mtu bado hajaugua. Hiyo ndiyo haki pekee tuliyo nayo ya kumtundika katika kikapu na kumfungua magamba. Lakini kama kome amesema nasi tukanyamaza, basi faida hiyo imepotea, na shahidi wa pili atakuwa mtu. Anayengoja baada ya kuonywa asidhani kwamba amekaa bila kufanya uamuzi. Amekwisha kuamua kumbadilisha shahidi, ila hataki kusema hivyo.

Yako mapingamizi, na si haki kuyapita kimya.

La kwanza ni la wale wanaosema kwamba hofu nayo hudhuru. Tukitangaza kwamba chaza wa mahali fulani wana kadimiamu, nani atawanunua? Mama anayetoka na kikapu chake wakati wa bamvua, akaokota pwani riziki ya watoto wake, atalala njaa leo kwa ajili ya ugonjwa ambao pengine usingemjia. Pingamizi hili ni zito, tena ni la huruma. Huko Minamata wavuvi walikosa soko, na wagonjwa walitengwa na majirani, hata wengine wakaficha ugonjwa wao. Hatuwezi kusema kwamba onyo halina gharama.

Lakini tuzipime gharama mbili. Tukikosea kwa kuonya bure, hasara ni ya soko na ya siku kadhaa, nayo yaweza kulipwa kwa fedha. Tukikosea kwa kunyamaza, hasara ni ya ubongo wa mtoto, na hakuna fedha iwezayo kuurudisha. Makosa mawili yasiyolingana hayawezi kudai uthibitisho uliolingana. Kwa lile lisiloponyeka, dalili yenye nguvu yatosha. Hata hivyo, tusimwachie yule mama gharama ya onyo. Yeye hakumwaga zebaki. Kama jamii nzima inalindwa, jamii nzima ibebe mzigo, na aliyechafua awe wa kwanza kulipa. Onyo lisilo na msaada kwa mvuvi ni nusu ya haki, na mara nyingi ndilo linalowafanya maskini wenyewe wachukie ukweli.

Pingamizi la pili ni la kazi. Kiwanda kinalisha watu wengi. Je, tukifunge kwa sababu ya kome? Hapa twajibu kwamba mara nyingi haihitajiki kukifunga, bali kubadilisha namna ya kazi. Liko tukio linalotutia moyo. Katika ghuba ya Arcachon huko Ufaransa watu hufuga chaza kwa biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chaza wao walishindwa kuzaliana, na magamba yao yakawa manene yasiyofaa. Shaka iliangukia rangi ya kupaka chini ya mashua, iliyotiwa dawa yenye asili ya bati iitwayo TBT ili viumbe visishike pale. Ushahidi haukuwa umekamilika, lakini mwaka 1982 Ufaransa ilikataza rangi hiyo kwa mashua ndogo. Chaza wakaanza tena kuzaliana vema. Huko Uingereza konokono wa mwambani wa karibu na Plymouth walionekana majike yao yakiota viungo vya kiume na kushindwa kutaga, na wataalamu wakaonyesha kwamba chanzo ni dawa ile ile. Uingereza ikaikataza kwa mashua ndogo mwaka 1987, na mapatano ya mataifa ya kuikataza kwa meli zote yalianza kutumika mwaka 2008. Meli hazikusimama. Zilipakwa rangi nyingine. Na mahali pengi konokono wamerudi.

Angalieni basi: dawa ile ilikuwa sumu kali, nayo ilikataliwa kwa neno la chaza na konokono. Hawakuwa watoto wa mtu. Minamata palikuwa na paka, ndege, samaki na hatimaye watu, na bado miaka kumi na miwili ilipita tangu habari ya daktari hadi kiwanda kuacha. Tofauti haikuwa katika nguvu ya ushahidi, maana ule wa Minamata ulikuwa mkubwa zaidi. Arcachon wenye hasara walikuwa wafanyabiashara wanaosikilizwa. Minamata walikuwa wavuvi maskini, na mbele yao ulisimama mlango wa riziki ya mji mzima. Mara nyingi hatuamini kwa kadiri ya ushahidi. Twaamini kwa kadiri ya anayeumia.

Pingamizi la tatu ni la upande mwingine kabisa. Wako wanaouliza kama tunayo ruhusa ya kumtumia kiumbe hai kwa kazi hii. Hatulidharau swali hilo. Kome hakuumbwa awe kifaa cha maabara. Lakini sumu ile inamdhuru yeye kwanza, na kumpima wachache kwa ajili ya kuwasafishia maji wote ni jambo lenye faida kwa jamii yake na yetu. Kosa linaingia pale tunapompima mwaka hata mwaka, tukachora mistari mizuri kwenye karatasi, na maji yakabaki vile vile. Hapo tumemtesa bure, tena tumejidanganya kwamba tumetenda. Kupima si kutibu. Mtu anayepima homa ya mtoto kila saa wala hampeleki kwa mganga, hatumsifu kwa bidii yake.

Sasa turudi kwetu. Je, haya yanatuhusu? Yanatuhusu sana. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi yetu, huko Geita, Chunya na kwingineko, wametumia zebaki kuikamata dhahabu, kisha wakaichoma, na mvuke wake hupanda hewani na kushuka tena katika ardhi na maji. Mto Msimbazi unapita katikati ya Dar es Salaam, kati ya nyumba, karakana na viwanda, na maji yake huishia baharini. Betri za magari huvunjwa uani na watoto wakiwapo. Mwezi wa Oktoba mwaka 2013 mataifa yalikutana Ujapani na kupokea mapatano ya kupunguza zebaki duniani, yakayaita kwa jina la Minamata, nayo yakaanza kutumika mwaka 2017. Jina hilo limewekwa ili mtu asisahau. Lakini mapatano hayawezi kuingia uani mwa nyumba zetu. Sisi ndio tunaoingia humo.

Twaona kwamba mambo manne yatupasa.

Kwanza, wale wanaokaa karibu na maji wasikilizwe mapema. Mvuvi anayesema, "Hapa pamebadilika," hasemi kwa vipimo, lakini ameyatazama maji hayo tangu utoto. Neno lake liwe sababu ya kwenda kupima, wala lisichekwe.

Pili, kabla ya kupima, wanaopima na wanaotawala wapatane wazi: kipimo kikifika hapa, tutafanya hivi, na atakayelipa ni huyu. Jambo hili likiachwa mpaka baada ya majibu, kila mmoja atavuta upande wake. Anayeuliza swali bila nia ya kulifuata jibu lake, heri asimsumbue shahidi.

Tatu, majibu yatolewe kwa watu waliopimiwa, kwa lugha wanayoielewa. Hesabu iliyofungiwa kabatini haimlindi mjamzito anayenunua samaki sokoni. Wala si lazima kumtisha aache samaki, maana samaki ni chakula bora kwake na kwa mtoto. Yatosha ajue wa kula mara nyingi, kama dagaa, na wale wakubwa wa kula kwa nadra.

Nne, sisi wenyewe tujitazame. Kiwanda cha Minamata hakikumwaga zebaki kwa kuwa kilipenda kuua. Kilimwaga kwa kuwa bahari ilionekana kubwa na uchafu mdogo, na kwa kuwa hakuna aliyeona kitu. Je, sivyo tunavyosema sisi tunapotupa betri ya redio shimoni, au mafuta machafu ya gari mfereji wa mvua? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa kwanza uko mikononi mwa mtu mmoja mmoja.

Twamalizia kwa kurudia swali letu. Je, yatupasa kutenda kwa neno la kiumbe asiye na sauti, kabla hakika haijatimia? Twajibu kwamba yatupasa, kwa sababu hakika tunayoingoja ina mwili. Itakapotimia itakuwa imelala katika kitanda cha mtoto wa mtu, na huyo mtu ni jirani yetu. Tukiitaka hakika ya namna hiyo, tuseme wazi ni mtoto wa nani tunayemtoa. Na kama hakuna awezaye kumtaja, basi tumsikilize kome.

Tunawaomba wasomaji walizungumze jambo hili majumbani na katika vikundi vyao, hasa wale wanaokaa kando ya bahari, ziwa au mto, na wale ambao riziki yao yatoka viwandani na machimboni. Pande hizo mbili zikikaa pamoja na kusemezana bila hasira, huenda tukaanza kuziba ufa.